Notisi Iliyoambiwa Mpapai

Mwenye nyumba wetu nilimjua kwa kikohozi kabla sijamjua kwa kitu kingine chochote. Alikuwa baba mdogo wa mume wangu, kwa hiyo kwangu mimi alikuwa baba mkwe, sawasawa na yule aliyemzaa mume wangu. Na sisi Wanyakyusa tulioolewa zamani zile, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Sisemi kwamba hawataniani au hawazoeani. Nasema hawaonani. Akija kwa njia hii, wewe unaingia majanini mpaka apite. Akiwa barazani, wewe uko uani. Jina lake hulitamki, na ukikutana na neno linalofanana na jina lake unalizunguka na kutafuta jingine. Yeye naye anakohoa kabla ya kukata kona, akupe nafasi ya kutoweka bila kukimbia.

Kikohozi hicho nilikisikia kwanza Iringa, Mlandege, alikokuwa akitunza stoo ya vifaa vya barabara. Tulikuwa tumefunga ndoa karibuni, mume wangu akanipeleka kusalimia. Nilikaa siku kadhaa nyumbani kwa mzee yule, nikala chakula chake, nikalala chini ya bati lake, nikaondoka sijui kama ni mrefu au mfupi. Mkewe, mama mnene mwenye maneno mengi, ndiye aliyekuwa akinichungulia na kuniambia, "Toka sasa, kaenda kazini." Mume wangu alicheka njia nzima ya kurudi Mbeya, akasema nimeitembelea Iringa kama mwizi. Mimi niliona fahari. Nilikuwa mgeni katika ukoo wao na nilitaka wajue nimelelewa.

Mzee alikuwa na nyumba Mbeya, ya matofali mabichi na bati juu, si mbali na soko. Ilikuwa na ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na uani palikuwa na jiko, bafu na mpapai mmoja uliozaa bila kupumzika. Chumba kimoja alimpangisha mume wangu kwa kodi ileile waliyolipa wengine, na mume wangu aliona ni haki. Kwa kuwa mwenyewe alikuwa Iringa, nyumba aliiacha mikononi mwa msimamizi, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani na ambaye chumba chake cha mbele kilikuwa duka la tumbaku na mafuta ya taa. Msimamizi alitucheka sisi na mila zetu, lakini kwa upole. Mara nyingi aliniuliza kama ni kweli nikimwona baba mkwe nitapofuka, nami nilimjibu kwamba anayepofuka ni anayeuliza sana.

Kisha mume wangu akaenda Rodeshia Kaskazini, kwenye machimbo ya shaba, kama walivyokwenda vijana wengi wa kwetu. Mimi nilikuwa mjamzito. Aliniambia neno moja tu la maana: "Nikirudi nikukute humu humu." Nilijifungua binti yangu mle chumbani, kwenye mkeka, mikononi mwa jirani. Nikaanza kuuza ndizi sokoni, zile zilizokuja na malori ya Tukuyu. Barua za mume wangu zilipitia kwa msimamizi, naye ndiye aliyenisomea.

Nataka ieleweke chumba kile kilikuwa nini kwangu, maana mtu wa leo anaweza kusema chumba ni chumba, si uhamie kingine. Mwanamke peke yake mjini, mume hayupo, hakuwa na kingine. Ukigonga mlango wa mtu kuulizia chumba, swali la kwanza ni mume yuko wapi. Ukisema yuko Rodeshia, wanatazamana. Sasa ningeenda wapi? Kijijini kwa baba mkwe halisi, nikaishi kwa kujificha kutwa nzima? Au kwa kaka zangu, ambako maana yake ni kwamba ndoa imekufa na ng'ombe wa mahari wadaiwe? Chumba kile ndicho kilichosema mimi ni mke wa mtu.

Mwaka uliofuata, mzee akamaliza kazi Iringa na kurudi Mbeya na mkewe. Alifikia kwa watu wa kanisani, akisubiri kuingia kwake. Kati ya wapangaji wote, mimi ndiye niliyepaswa kutoka, na sababu yake ilikuwa nyepesi mno. Wengine angeweza kukaa nao nyumba moja. Fundi cherehani wa chumba cha pili angemsalimia asubuhi na kupishana naye ukumbini. Na mimi angepishana vipi? Heshima yenyewe niliyoionea fahari Iringa ndiyo iliyonichagua.

Mwenye nyumba mwingine angetuma vijana wakatupa vyombo nje au wakang'oa mlango. Mzee hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa ametumikia serikali, kwa hiyo alivaa koti, akaenda bomani kuuliza njia. Msimamizi alirudi kunisimulia, maana alichukuliwa kwenda kusikiliza.

"Mwanangu," alisema, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha dukani, "karani kamweleza yote, na mimi nimesikia. Hawezi kukutoa hivi hivi. Kwanza lazima akupe notisi, na iwe ya mwezi mzima, unaoanza siku ya kodi. Sababu aitaje. Kama anakitaka chumba akae yeye, aseme anakitaka akae yeye. Na shahidi awepo. Mwezi ukiisha hujatoka, ndipo afungue kesi barazani, wakuletee samansi. Mlango haruhusiwi kuugusa mpaka hakimu aseme."

"Na notisi ananipaje?" nikamwuliza.

"Anakuambia. Karani kasema hata kwa mdomo yafaa, mradi mpangaji aambiwe."

Tulitazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, nami nikacheka. Mtu asiyeweza kuniona angeniambiaje?

Lakini kwetu namna ipo. Baba mkwe akiwa na neno zito na hapana wa kumtuma, anakuja karibu na ulipo, anakigeukia kitu, jiwe, kuku, chochote kilichopo, anakiambia. Wewe upo ndani unasikia. Hujibu, lakini umeambiwa. Hakuna Mnyakyusa atakayesema hukuambiwa.

Asubuhi ya siku ya kodi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, nilikuwa nakoroga uji wa mtoto. Nikasikia kikohozi nje ya mlango wa mbele. Nikaingia chumbani na sufuria yangu mkononi, nikarudisha mlango. Nyayo za viatu vizito zikapita, na nyuma yake makubazi ya msimamizi. Zikasimama uani.

"Nasema na mpapai huu," sauti ya mzee ikasema, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo. "Mwezi huu ukiisha, chumba cha mkono wa kulia nakihitaji. Nitakaa mimi na mke wangu. Mwanangu yuko mbali, lakini waliopo wanasikia. Sina ugomvi na mtu. Shahidi wangu huyu hapa amesimama."

Nadhani alitafuta neno la kupoza, maana aliongeza, "Mpapai, utuwie radhi." Kisha akakohoa tena na kuondoka.

Uji ulipoa sufuriani. Nilikaa kitandani na binti yangu mapajani, nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Si kwa sababu nilifukuzwa tu. Ni kwa sababu fundi cherehani na mkewe walikuwa wamesimama mlangoni pao wakisikiliza, na mke wa fundi, ambaye si wa kwetu, aliuliza kwa sauti, "Huyu mzee kapatwa na nini, anazungumza na mapapai?" Na sikuweza kutoka kumjibu.

Nilimwomba msimamizi aniandikie barua kwa mume wangu. Jibu halikuja. Nikazunguka kutafuta chumba, mtoto mgongoni, na nikaulizwa nilichotegemea kuulizwa. Bwana mmoja aliniambia hapangishi wanawake wa Rodeshia. Nilimwambia mimi ni wa Rungwe, si wa Rodeshia, akafunga mlango. Siku ya kodi ilipofika tena nikapeleka kodi yangu kama kawaida. Msimamizi alikunja mikono nyuma.

"Nimekatazwa kupokea," alisema. "Karani kasema nikipokea, notisi inakufa. Na mimi, mwanangu, mkono unaniwasha, lakini siwezi."

Nikarudi nayo chumbani. Nilikuwa mpangaji asiyelipa, nami sikuwahi kuchelewesha kodi hata mara moja.

Samansi ililetwa na tarishi wa boma, kaptula imepigwa pasi, kofia nyekundu kichwani. Alikuja sokoni, mbele ya ndizi zangu, mbele ya wanawake wote wa mstari wetu, akaniuliza kama mimi ndiye mke wa fulani. Nikasema ndiye. Akanipa karatasi, nikaipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea zawadi, maana ndivyo nilivyofunzwa kupokea kitu kwa mkubwa. Wanawake waliacha kuita wateja. Mwanamke kuitwa barazani siku zile ilimaanisha ugoni au wizi, na sikuona nitaanzia wapi kuwaeleza kwamba ni chumba. Nilikunja majani yangu ya mgomba nikaenda nyumbani mchana kweupe.

Siku ya kesi nilifika mapema na kukaa nje, nyuma ya ukuta, upande usio na dirisha. Barazani kulijaa. Kulikuwa na kesi za ng'ombe, za mipaka, na watu waliokuja kupoteza muda tu. Tarishi akaita jina la mume wangu, kisha akasema, "Au anayekaa kwa niaba yake." Nikasogea mpaka mlangoni. Ndani, mbele kabisa, niliona kisogo chenye upara na koti la kijivu lililochakaa kwenye kola. Kilikuwa ni kisogo tu, lakini hata hicho sikupaswa kukiona. Nikarudi nyuma.

"Ingia, mama," hakimu akasema. Alikuwa mtu wa mjini, si wa kwetu, mwenye ndevu fupi nyeupe na sauti ya upole.

Nikajifunika kanga usoni, nikaingia kinyumenyume. Nikasimama nimewapa wote mgongo, nikiutazama ukuta wa chokaa. Nilisikia watu wakianza kunong'ona, mmoja akacheka puani.

"Huyu mama anaumwa?"

Mmoja wa wazee wa baraza waliokaa na hakimu alikuwa Mnyakyusa. Akamwinamia, lakini sote tulisikia. "Haumwi, bwana hakimu. Mdai ni mkwe wake. Kwetu hawa hawaonani."

"Hawaonani?"

"Hawaonani wala hawasemezani."

Hakimu alimgeukia mdai. Kisha akamwuliza mzee swali ambalo hata mimi ningeliuliza: "Bwana, sheria inataka mpangaji apewe notisi. Mtu usiyeonana naye wala kusema naye, wewe ulimpaje?"

"Nilisema, bwana hakimu. Shahidi yupo."

"Ulisema na yeye?"

"Nilisema uani. Yeye alikuwa ndani."

"Ulikuwa umeelekea wapi?"

Nilikuwa sioni, lakini nilidhani mzee anavuta ile kola iliyochakaa. "Nilikuwa nimeuelekea mpapai," akasema.

Baraza lote lililipuka kwa kicheko. Watu waligonga mabenchi. Mmoja akauliza kama mpapai nao umeletewa samansi. Tarishi alipiga kelele za kunyamazisha huku mwenyewe akicheka. Msimamizi aliitwa, akathibitisha kwamba ni kweli, notisi uliambiwa mpapai, naye alisimama karibu nao. Wakacheka upya. Hakimu mwenyewe alijikaza, lakini sauti yake ilitetemeka aliposema, "Mpapai haulipi kodi, bwana. Notisi iliyopewa mti si notisi, labda kama mpangaji mwenyewe atakiri kwamba ilimfikia. Mama, ulisikia maneno hayo?"

Hapo ndipo chumba changu kilipowekwa kwenye ulimi wangu. Nililijua hilo hata nikiwa nimeutazama ukuta. Nikisema hapana, kesi imekufa, na aanze upya. Nikinyamaza, vilevile. Yule mzee wa baraza wa kwetu, Mungu amrehemu, alitaka kuniokoa. Alinisemesha kwa Kinyakyusa, haraka, kwamba ninyamaze, hakuna atakayenilazimisha kufungua mdomo mbele ya mkwe. Kisha akamgeukia hakimu: "Hawezi kujibu, bwana hakimu. Ni vibaya kwetu. Labda nimpeleke nje, aniambie mimi."

"Ushahidi hausemwi nje," hakimu akasema. "Utasemwa hapa, wote wawili wakiwepo."

Nikasikia benchi likilia. Mzee alikuwa amesimama. "Basi nitoke mimi," alisema. "Nikitoka mimi, atasema."

"Kaa, bwana. Mdai hatoki."

Akakaa, na watu wakacheka tena, mzee anainuliwa na kukalishwa. Mtu mmoja nyuma alikohoa kwa makusudi, akiiga. Sijui alijuaje habari ya kikohozi, labda fundi cherehani alikuwa ameitembeza mji mzima.

Nitasema nilivyohisi, hata kama haitaeleweka. Hasira yangu kwa mzee iliisha palepale. Walikuwa wanamcheka baba. Mtu mzima aliyefuata kila neno aliloambiwa na karani, na kila neno aliloachiwa na baba zake, akajikuta ameshika yote mawili kwa wakati mmoja na watu wanamwona mwendawazimu. Kama ningenyamaza, angetoka barazani akiwa mzee aliyezungumza na mapapai. Na mimi ningebaki chumbani nikijua kwamba aliniambia na nilisikia.

"Nilisikia," nikasema.

Kicheko kilikatika. Nikaona niseme lote. "Aliniambia mimi. Kwetu huko ndiko kuambiwa. Nilisikia kila neno."

Ilikuwa mara ya kwanza baba mkwe kuisikia sauti yangu. Yule mzee wa baraza alishusha pumzi, akasema neno moja la Kinyakyusa ambalo sitaliandika, si tusi, ni neno linalosemwa chungu kikivunjika. Nilitamani ardhi ipasuke. Hakimu aliandika, kisha akasoma: notisi ilifika, muda umekwisha, sababu ni kwamba mwenye nyumba anakihitaji chumba kwa kukaa mwenyewe na mkewe. Nitoke kabla ya mwisho wa mwezi. Akaongeza kwamba mwenye nyumba hana ruhusa ya kukipangisha chumba hicho kwa mtu mwingine, kwa kuwa ameomba akae yeye. Mzee akasema, "Ndiyo, bwana hakimu," kwa sauti ndogo sana.

Nilitoka kinyumenyume vilevile nilivyoingia.

Habari ilifika sokoni kabla yangu. Wanawake wa kwetu hawakunitukana. Walisogeza tu mikeka yao kidogo, kukawa na nafasi upande huu na upande ule wa ndizi zangu. Mmoja, ambaye tulikuja mjini mwaka mmoja, aliniuliza kwa huruma, "Kweli ulimsemesha?" Nikamwambia kweli. Akasema, "Pole," kama mtu anavyoambiwa kwenye msiba. Wanawake wa makabila mengine waliniona nimekuwa mjinga, nimepewa chumba mkononi nikakirudisha. Nilikuwa mbaya pande zote mbili, na usiku nililia kwa hasira, maana sikujua ni upande upi niutetee.

Nilipata pa kukaa kwa familia ya Wasafwa kwenye mteremko wa mlima Loleza. Waliniachia jiko lao la zamani, nami nikawalimia viazi. Siku ya kuhama alikuja mke wa mzee kunisaidia kufunga vyombo, mama yule yule wa Mlandege. Hakuleta maneno mengi safari hii. Nilifagia chumba mpaka pembeni. Nilijaribu kusugua doa la mafuta ya nywele lililokuwa ukutani, pale kichwa changu kilipokuwa kikilala, likagoma. Mama akanishika mkono.

"Acha," alisema. "Halitoki. Na hata likitoka, hatalala humu."

"Nani?"

"Mume wangu. Mwanangu, hapa ndipo ulipolala na mwanawe. Hapa ndipo ulipozalia. Mila hairuhusu; ataingiaje? Mimi hilo nililijua tangu Iringa."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nani aliniuliza? Alikwenda kumwuliza karani."

Nilimwangalia, sikuamini. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na msimamizi ndiye aliyenihadithia baadaye. Mzee alikuja jioni ile na godoro lake kwenye mkokoteni. Alikuwa amekaa Iringa miaka mingi, akajiaminisha kwamba mila ni kutoonana na kutosemezana, basi. Alifika mlangoni, akatazama ndani. Akaona doa ukutani. Akamwuliza msimamizi, "Mtoto alizaliwa humu?" Akaambiwa humu humu. Mguu mmoja ulikuwa umekwisha kuvuka kizingiti. Akaurudisha. Akapangusa upara kwa leso, akasema, "Basi funga," na godoro likarudi lilikotoka.

Kukipangisha hakuweza, maana alikuwa amemwahidi hakimu, na yeye hakuwa mtu wa kudanganya hakimu. Kunirudisha hakuweza, maana angemtuma nani, na aseme nini? Chumba kikafungwa kufuli. Yeye na mkewe wakapanga chumba kwenye nyumba ya mtu mwingine, kule nyuma ya msikiti, wakawa wanalipa kodi kila mwezi kama mimi nilivyokuwa nikilipa. Nikipita na ndizi zangu nilimwona kwa mbali akichota maji bombani na ndoo, mzee mwenye nyumba yake, nami nilijibanza ukutani. Nilimwonea aibu na nilijionea aibu, zote pamoja, na sikujua kuzitenganisha.

Mume wangu alirudi na lori la Tunduma, na sanduku la bati na blanketi jipya. Barua yangu ilikuwa haijamfika, alikuwa amehamishwa machimbo mengine. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba chetu, akakuta kufuli lenye kutu na tando za buibui kuzunguka mlango. Msimamizi akamwelekeza Loleza. Alifika jikoni kwangu jua likizama, mtoto akamkimbia, mimi nikamtengea kigoda.

Alikuwa ameelezwa nusu njiani. Aliuliza polepole, bila ukali, kama fundi anayetafuta palipopasuka.

"Nani anakaa kwenye chumba chetu?"

"Hakuna."

"Sasa walikutoa ili iweje?"

Nikamweleza yote, mpapai, samansi, baraza. Alisikiliza akiwa ameinama. Nilipofika kwenye kicheko cha watu alisikitika, akamwonea huruma baba yake mdogo. Nilipofika kwenye swali la hakimu, akainua uso.

"Ukanyamaza."

"Sikunyamaza. Nilisema nilisikia."

"Ulisema kwa mdomo wako? Yeye akiwepo?"

"Kwa mdomo wangu."

Hakuniuliza tena habari za chumba. Alikaa akiuangalia moto mpaka ukafifia, na sikuthubutu kuuchochea. Mwishowe alivua viatu, akajilaza kwenye mkeka upande wa ukutani, akajifunika blanketi lake jipya lote.

Tuliishi pamoja mpaka alipofariki, tukazaa wengine wanne, na sikumbuki kama aliwahi kunipiga au kuninyima kitu. Lakini kila walipokuja ndugu zake kutoka nyumbani na kuuliza mbona hatukai tena kwenye nyumba ya baba mdogo, aliwajibu yeye kabla sijafungua mdomo, na habari ya baraza hakuitaja. Aliwaambia kwamba nilihama mwenyewe.